Sabuni kazi yake ni kutoa, si kuweka: namna ya kuchagua sabuni ya kuoga



Swali hili linarudi kila wiki kati yetu: "Yaya, sabuni nzuri ya kuoga ni gani?" Mmoja ngozi yake inawasha kila akioga. Mwingine amepata nafasi ya kuonekana mbele ya watu wanaotoa kazi na anataka uso ung'ae. Wa tatu ana franka elfu mbili tu za sabuni mpaka mwisho wa mwezi. Wote watatu wanaingia butiki moja, wanasimama mbele ya meza moja, na wanasikia maneno yaleyale ya muuzaji: "Ongeza mia tano, mwanangu, hii inaua mikrobe zote. Na hii hapa inatakasa ngozi, ndani ya wiki mbili utaona."

Mimi ni mtoto wa Karuba na ninafundisha kemia. Sina sabuni ninayouza. Nataka tu tuelewane jambo moja, na ukilikamata hilo mengine yote yatakuwa mepesi: kazi ya sabuni ni kutoa, si kuweka. Inatoa mafuta, jasho, vumbi na vijidudu, kisha inaondoka na maji. Kitu kinachokaa juu ya ngozi dakika moja halafu kinasombwa na maji hakiwezi kukulisha vitamini wala kukupa sura nyingine. Na sabuni inayoweza kweli kubadilisha rangi ya ngozi, hiyo haiko sabuni tena. Ni dawa kali au sumu iliyovaa karatasi ya sabuni.

1. Sabuni inatoka wapi

Sabuni ni mafuta yaliyopikwa na soda kali, ile tunayoita soda kostiki. Mafuta na soda vikikutana vizuri, vyote viwili vinageuka: vinabaki sabuni na gliserini. Babu zetu hawakuwa na soda ya dukani, lakini walijua majivu. Majivu ya maganda ya ndizi, yakichujwa kwa maji, yanatoa maji makali yenye potasi, na hayo yakichemshwa na mafuta yanatoa sabuni laini nyeusi.

Mafuta yenyewe tunayo. Sisi wa milimani tunafuga ng'ombe na kulima viazi na maharagwe, lakini ukishuka Walikale uko tayari kwenye nchi ya michikichi na mawese. Tena mawese ya Kongo yana historia ndefu na sabuni. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever, mwenye sabuni ya Sunlight, alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji akapewa maeneo makubwa ya kuvuna michikichi Kongo. Makao makubwa aliyaita Leverville, leo ni Lusanga kule Kwilu. Watu wetu walikata ngazi za mawese huko, wengi kwa kulazimishwa, ili Ulaya iendelee kunawa.

Kwa nini ninakumbusha hayo? Juu ya hii: kipande kinachotoka ng'ambo katika karatasi ya dhahabu na kipande cha fundi wa kwetu mara nyingi vimezaliwa na mama mmoja. Geuza karatasi usome nyuma. Ukikuta "sodium palmate", hiyo ni sabuni ya mawese. "Sodium palm kernelate" ni sabuni ya mafuta ya mbegu za michikichi, na "sodium tallowate" ni ya mafuta ya ng'ombe. Kinachobaki ni marashi, rangi na jina. Bei ya jina ni wewe unayeilipa.

2. "Inaua mikrobe": maneno hayo yana uzito gani?

Kipande kidogo kabisa cha sabuni, yaani molekuli moja, kina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Ukisugua, mikia inashika uchafu wa mafuta, vichwa vinashika maji, na ukimwaga maji vyote vinaondoka pamoja. Vijidudu vingi vinashikwa ndani ya mafuta hayo. Virusi kama vya Ebola na korona vimevikwa ngozi ya mafuta, na sabuni inaipasua ngozi hiyo. Kwa hiyo kila sabuni ya kweli, hata ile ndefu ya kufulia inayokatwa vipande, ina nguvu hiyo.

Je, ile iliyoongezwa dawa ya kuua mikrobe inashinda? Jambo hili limepimwa. Kule Karachi, Pakistani, watafiti waligawa sabuni katika mitaa maskini, matokeo yakachapishwa mwaka 2005. Nyumba nyingine zilipata sabuni ya kawaida, nyingine ile yenye dawa iitwayo triklokabani. Katika nyumba zilizopata sabuni na kuhimizwa kunawa mikono, kuhara kwa watoto kulipungua karibu nusu. Lakini kati ya sabuni ya kawaida na ile yenye dawa hakukuwa tofauti. Mwezi wa Septemba 2016, mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani iliondoa sokoni sabuni za kunawa zenye dawa 19 za aina hiyo, pamoja na triklosani na triklokabani, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba zinashinda sabuni na maji ya kawaida.

Sisi wa Kivu Kaskazini tulikwisha kupita katika shule hiyo. Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018 na ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2 200. Munakumbuka ndoo zenye bomba kwenye kila kizuizi, kila kanisa, kila mlango wa shule, hasa baada ya mgonjwa wa kwanza kuonekana Goma mwezi wa Julai 2019. Palipokuwa na sabuni tulinawa kwa sabuni, palipokuwa na klorini tulinawa kwa klorini. Hakuna aliyeuliza kama sabuni ina picha ya ngao au ya msalaba. Kilichofanya kazi ni kusugua mikono yote, katikati ya vidole na chini ya kucha, kwa sekunde 20 hivi, na kusuuza.

Basi muuzaji akikuambia uongeze franka mia tano juu ya "mikrobe", zitunze hizo mia tano. Nunua kipande kingine cha kawaida.

3. Chagua kwa kutazama ngozi yako, si tangazo

Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo. Kwenye kipimo cha pH iko karibu na 5, wakati sabuni ya kawaida iko 9 mpaka 10. Ndiyo maana ukioga unasikia ngozi imekazwa: mafuta yake ya asili yameondoka na uchachu wake umeharibika kwa muda. Kwa ngozi nzima si tatizo, inajirekebisha yenyewe baada ya saa chache. Kwa ngozi kavu, ya mtoto, ya mzee, au yenye pumu ya ngozi, hapo ndipo kuwashwa kunaanzia.

Kwa hiyo angalia wewe uko upande gani.

Ngozi ya kawaida: sabuni yoyote ya kuogea isiyo na marashi makali inatosha.

Ngozi kavu: usianze kwa kubadilisha sabuni, anza kwa kubadilisha namna ya kuoga. Kule kwetu baridi inatufanya tuchemshe maji mpaka yanatoa moshi, na maji ya moto sana yanatoa mafuta ya ngozi kuliko maji ya vuguvugu. Punguza moto. Weka sabuni mahali panapotoa jasho na harufu: kwapa, kinena, makalio, miguu, na penye uchafu unaoonekana. Mikono na mapaja yasiyo na uchafu yanaweza kupitiwa na maji tu. Kisha, kabla ngozi haijakauka kabisa, jipake vaselini au mafuta. Mafuta hayaleti maji kwenye ngozi, yanafungia yale yaliyopo. Ukisubiri ukauke kwanza umefunga mlango wakati ng'ombe wameshatoka.

Ngozi ya mafuta na chunusi: kunawa uso mara mbili kwa siku kunatosha. Kusugua mara sita hakuondoi chunusi, kunazikasirisha.

Ngozi inayowasha kila mara: tafuta sabuni isiyo na marashi, yaani ambayo neno "parfum" halimo nyuma ya karatasi. Marashi ni kati ya vitu vinavyokasirisha ngozi mara nyingi. Kuna pia vipande ambavyo kwa kemia siyo sabuni hata kidogo. Cha kwanza kujulikana sana ni Dove, iliyotoka Marekani mwaka 1957. Havikutengenezwa kwa soda na mafuta peke yake, na pH yao iko karibu na 7. Nyuma utasoma maneno kama "isethionate". Kwa mtu mwenye pumu ya ngozi, pesa ya ziada hapo ina maana. Kwa mwenye ngozi nzima, haina.

Na jeli ya dushi, ile ya kwenye chupa? Hiyo ni maji kwa sehemu kubwa, na ndani yake kuna kitu cha kutoa povu, chumvi, marashi na dawa ya kuzuia isioze. Si mbaya. Nyingine ni laini kuliko kipande. Lakini unanunua maji, na mkono unamwaga nyingi kuliko unavyohitaji. Povu jingi nalo si ushahidi wa usafi, ni ushahidi wa povu.

Jambo lingine ambalo wengi wetu tunaligundua tukifika Goma kusoma: sabuni uliyozoea nyumbani kule inakataa kutoa povu, nywele zinashikana, na beseni linabaki na utando mweupe. Unafikiri umeuziwa sabuni bandia. Hapana. Maji ya Ziwa Kivu yana madini mengi, hasa magnesi, na madini hayo yanashikana na sabuni na kuwa utando usioyeyuka. Maji ya mvua tunayokinga kwenye mabati hayana madini hayo, ndiyo maana kipande kidogo tu kinajaza beseni povu. Kama unaweza kukinga bidoni moja ya mvua, itumie kwa kichwa na kwa kusuuza mwisho.

4. Zile "zinazotakasa"

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Kuna sabuni zinazouzwa kwa maneno ya kung'arisha, kutakasa, kuondoa weusi. Nyingi ni maneno matupu: sabuni ya kawaida yenye picha ya papai au limau, na hasara yako ni pesa tu. Lakini nyingine zinafanya kazi kweli, na hizo ndizo za kuogopa.

Kuna zilizotiwa zebaki. Zebaki inazuia ngozi kutengeneza rangi yake. Inaingia mwilini kupitia ngozi, inakaa, na inaharibu figo. Inaweza kugusa pia mishipa ya fahamu, na mama mjamzito anaweza kuipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani, OMS, limekuwa likionya juu ya sabuni hizo kwa miaka mingi. Na tazameni namna biashara inavyokwenda: Ulaya ilikuwa na sheria ya mwaka 1976 iliyokataza zebaki katika vipodozi vya watu wake, lakini kuuza nje sabuni za zebaki kulikatazwa rasmi mwaka 2003 tu. Kwa miaka yote ile, kilichokuwa sumu kwa ngozi ya kule kiliruhusiwa kusafiri kwenda kwa ngozi ya huku. Mapatano ya dunia ya Minamata juu ya zebaki nayo yaliweka mwisho wa mwaka 2020 kwa vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni, na baadaye nchi zikakubaliana kwamba kufika 2025 isiruhusiwe hata kidogo.

Unaitambua namna gani dukani? Kwanza, soma majina: "mercure", "mercury", "mercuric iodide", "calomel", au herufi Hg. Pili, soma maagizo. Kama imeandikwa usiiguse na dhahabu, fedha, alumini, mpira au mapambo, jiulize: sabuni gani inaogopa pete? Zebaki inashambulia madini hayo. Tatu, kama unaambiwa ujipake povu, uliache likauke, ulale nalo mpaka asubuhi, kumbuka sheria yetu: sabuni ni ya kutoa. Inayotaka kubaki ina kitu inachoingiza. Nne, kama haina orodha ya vitu vilivyomo wala jina la mtengenezaji, iache hapo mezani.

Pembeni ya zebaki kuna hidrokinoni, na kuna krimu za kortizoni kama klobetasoli na betametazoni, ambazo ni dawa za hospitali zinazouzwa sokoni kama mafuta ya urembo. Hidrokinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuleta madoa ya bluu-nyeusi mashavuni ambayo hayatoki. Kortizoni inafanya ngozi kuwa nyembamba, inapasuka, vidonda havifungi, na ukiacha ghafla uso unawaka moto. Afrika ya Kusini ilikataza hidrokinoni katika vipodozi tangu 1990. Jirani zetu wa Rwanda, mwishoni mwa 2018, walipita madukani wakikusanya bidhaa hizo. Lakini mpaka ni hatua chache tu, na kinachofukuzwa upande mmoja kinatafuta wateja upande mwingine.

Sitaki mtu asome sehemu hii kwa kucheka dada zetu, au kaka zetu, maana wapo pia. Msichana hajiamkii asubuhi moja akachukia ngozi yake. Alisikia shangazi akisema, "Huyu angekuwa mweupe kidogo angeolewa haraka." Aliona ni nani anawekwa mbele, kwenye meza ya kupokea wageni. Alipochubuka kidogo, sisi wenyewe tukamwambia, "Ooh, umekuwa muzuri!" Sumu aliinunua sokoni, lakini hamu tulimuuzia sisi. Wewe unayesoma, ukiwa siku moja na mamlaka ya kumpa mtu kazi, anza hapo kuponya.

Na aliyekwisha kutumia afanye nini? Kama ni ile ya zebaki, aache leo, anawe vizuri, asiachie watoto taulo yake, na aende kituo cha afya aseme wazi alichotumia ili figo zipimwe. Kama ni krimu ya kortizoni aliyoipaka kwa miezi mingi, asiache peke yake kwa siku moja. Amwone muganga ampunguzie polepole. Ngozi nyeusi ina rangi inayokinga jua, na kwenye milima jua lina miale mikali kuliko bondeni. Kuiacha ngozi irudi ni kurudishiwa mwavuli wako.

5. Sabuni za vijana wetu

Wengi kati yenu mumefanya mafunzo ya ujasiriamali na munajua kutengeneza sabuni ya maji au ya vipande. Ninawatia moyo, na ninawapa masharti.

Pima. Kilo moja ya mawese inahitaji takriban gramu 140 za soda kostiki ili igeuke yote. Ukizidisha, soda inabaki ndani na kuchoma ngozi ya mteja. Ukipunguza kidogo, mafuta yanabaki na sabuni inakuwa laini kwa ngozi, ndiyo maana mafundi wazuri wanapunguza kwa makusudi. Kupima kwa kopo au kwa macho hakutoshi, nunua mizani. Soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kamwe usimwage maji juu ya soda: yatachemka na kukurukia usoni. Sabuni isiyopikwa iache ikomae wiki nne mpaka sita kabla ya kuuza. Ninajua pesa zinahitajika kesho, lakini mteja aliyeungua harudi, na ataambia mtaa mzima.

Sabuni ya maji nayo, kama haikutiwa dawa ya kuzuia kuoza, inaota vijidudu ndani ya chupa. Ikibadilika harufu au kuwa na nyuzi, mwaga. Usiiweke kwenye chupa ya limonadi bila kuandika, watoto wanakunywa.

6. Mahali sabuni haifiki

Upele wa kujikuna usiku, katikati ya vidole, kiunoni, nyumba nzima, hauondoki kwa sabuni hata ungesugua mpaka damu. Ni mdudu anayechimba ndani ya ngozi, na anahitaji dawa kama benzili benzoati, pametrini au ivermektini, watu wote wa nyumba wakitibiwa siku moja, na nguo na mablanketi yakifuliwa kwa maji ya moto. Tuliouona kwenye kambi za pembeni ya Goma, Bulengo na Lushagala, ambako jamaa zetu wengi waliishi mpaka kambi zilipovunjwa mwanzoni mwa 2025, tunajua kwamba haukuwa uvivu wa kuoga. Ulikuwa msongamano. Tusimwite mtu mchafu kwa ugonjwa wa kubanana.

Mba na fangasi za vidoleni zinataka dawa ya fangasi na kukausha vizuri. Malengelenge yenye homa na matezi yaliyovimba yanataka kituo cha afya, hasa tangu mpox ilipotangazwa dharura ya dunia tarehe 14 Agosti 2024, nchi yetu ikiwa mbele kwa wagonjwa.

Kwa dada zetu, neno moja la heshima: sehemu ya ndani ya uke inajisafisha yenyewe na uchachu wake ni pH 3,8 mpaka 4,5. Sabuni ya pH 9 ikiingia huko, pamoja na zile za chupa ndogo zinazoitwa za usafi wa wanawake, inaua vijidudu vizuri vinavyolinda mlango. Nje, maji na sabuni kidogo isiyo na marashi. Ndani, usitie kitu. Harufu mpya au kuwashwa ni habari ya muganga, si ya sabuni.

7. Dushi ya watu sita

Katika nyumba za wanafunzi Goma tulikuwa watu sita kwa dushi moja. Hapo hata sabuni ya bei kubwa haikusaidii kama sakafu inateleza. Utando ule ni mafuta ya miili, mabaki ya sabuni na ukungu. Fuateni utaratibu huu: kwanza sugueni kwa brashi na sabuni ya unga, suuzeni, halafu mwageni maji ya javeli yaliyochanganywa na maji, muache dakika kumi, musuuze tena. Javeli juu ya uchafu inapoteza nguvu yake, ndiyo maana inakuja mwisho. Musiichanganye kamwe na siki, na dawa kali ya choo, wala na amonia: inatoa hewa ya sumu, na chumba kidogo kinaweza kukuzimisha. Kila mtu awe na ndala zake, taulo yake, kitambaa chake cha kujisugulia na wembe wake. Kipande cha sabuni chenyewe si hatari sana, kisuuze na ukiweke mahali kinapokauka. Kinacholala ndani ya maji kinayeyuka bure.

8. Hesabu ya mfukoni

Viwango vya kimataifa vya misaada, vinavyoitwa Sphere, vinasema mtu mmoja anahitaji angalau gramu 250 za sabuni ya kuoga na gramu 200 za kufulia kwa mwezi. Hicho ni kipimo cha mtu aliyekimbia vita. Kwa hiyo mwanafunzi akipanga gramu 250 za kuoga hajajinyima.

Usilinganishe bei za vipande, linganisha bei ya gramu. Tuseme kipande cha gramu 80 ni franka 1 000, na cha gramu 200 ni franka 2 000. Cha kwanza kinaonekana rahisi, lakini gramu yake ni franka 12,5, na ya pili ni 10. Nunueni wawili, mukate, mugawane.

Yule mwenye franka elfu mbili tu, jibu lake ndilo hilo: sabuni ya kawaida, kipande kikubwa, iliyo na jina la mtengenezaji, isiyoahidi kitu zaidi ya kuosha. Yule ambaye ngozi inamwasha apunguze moto wa maji, aache marashi, ajipake mafuta akiwa bado na unyevu. Na yule anayekwenda kuomba kazi aoge, apige pasi shati lake, aende na ngozi aliyozaliwa nayo. Karatasi za masomo ziko mkononi, uso hauna deni.